Kizunguzungu Kimeisha, Ila Usimwambie

Kaka mpenzi,

Hatujambo. Paka amezaa kwenye kapu langu la vitambaa.

Kile kizunguzungu, daktari alisema kinatoka sikioni, akanifundisha kulala ubavu na kugeuza kichwa polepole. Kimeisha kabisa. Lakini shemeji yako sijamwambia. Tangu niugue, yeye humwambia kila mteja, "Mama hawezi tena cherehani, zungumza na mimi."

Jana nilijifanya kuyumba pale dukani, nimwone atafanyaje. Akaruka kweli, kaka, kama mume mwema. Ila alinyakua kwanza funguo za duka mkononi mwangu, ndipo akanishika mimi, nikiwa tayari nimepiga goti sakafuni.

Njoo upesi. Ukinijulia hali mbele yake, nitakujibu bado naumwa.

Dada yako