Anayepinga Asimame

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kile kifua kimekuachia, na kwamba bado unakunywa maji ya moto asubuhi kama nilivyokushauri, ingawa najua hushauriki. Sisi huku tunapumua. Magoti yangu yananung'unika kila ninapoinuka, paa la jikoni limezibwa, na paka uliyetuachia bado anajiona ndiye mwenye nyumba. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na jambo hili linataka kusemwa mpaka mwisho.

Ni habari za kaka yako Mfamasia.

Unaukumbuka mchezo wa marehemu baba. Wanao labda hawaujui, basi wasomee sehemu hii. Herufi zilizokatwa kwenye maboksi zimo ndani ya kopo la majani ya chai. Zinatolewa saba, na kila mchezaji anatafuta neno la Kiingereza linalojengwa kwa herufi hizo, refu kadiri awezavyo. Siri yake, kama nilivyowaambia wanafunzi wangu miaka yote, ni kutozitazama herufi kama zilivyokaa. Zivuruge, anzia mkiani. Herufi za "kitchen" ndizo hizo hizo za "thicken". Jiko, na uji kuwa mzito, vyote vimo katika kopo moja. Tena ipo sheria ya baba: anayetilia shaka neno la mwenzake asimame wima na kusema "Napinga", ndipo kamusi ifunguliwe. Atakayeshindwa anachemsha chai. Baba alisema huwezi kumkosoa mtu huku umekaa kitako. Wewe ulikuwa ukipandishwa juu ya kiti ili uonekane, na ulipinga hata "cat".

Tangu nistaafu, Mfamasia nami tumekuwa tukicheza kila jioni kwenye meza ya nyuma ya duka lake la dawa, akishafunga. Ananizidi, nakiri. Mimi nikijivunia "train", yeye anaweka "retains", saba zote, kisha ananiuliza kama mwalimu angependa masomo ya ziada.

Mvua zilizopita zilipoanza, zilitoka herufi za "blanket". Hata usingizini angeliona neno lile. Akaweka "banklet". Nikacheka, nikamuuliza ni mnyama gani huyo. Akanijibu kwa uso mkavu kwamba ni benki ndogo. Nikajua ni utani wake. Lakini jioni zilizofuata yakaja mengine, maneno ambayo hayajazaliwa, na kila moja alilipatia maana yake bila kutabasamu. Sikusimama. Niliona kwamba mtu mzima, aliyesomesha watoto wa ndugu na kutibu mtaa mzima, hastahili kuvuliwa nguo juu ya meza ya chai. Nikawa naandika alama zake, nachemsha chai mwenyewe na kumsifu. Akanitania kwamba uzee umenila makali.

Kisha jirani yangu fundi cherehani akaja na vidonge vyake vya presha mkononi. Akaniambia, mwalimu, vyangu siku zote ni vyeupe, leo nimepewa vya njano, au wamebadilisha rangi? Alikuwa hajameza hata kimoja. Nikavirudisha dukani, nikamwambia ndugu yetu pakiti zimechanganyika. Alishukuru, akabadilisha, akaendelea kuhudumia watu. Nami nikajiambia kuteleza si kuanguka. Mdogo wangu, elimu yote hii, na bado nilijificha nyuma ya methali.

Jumatatu iliyopita zilitoka herufi za "curtain". Alizisogeza kwa muda mrefu, mwishowe akapanga "turnica". Nilimuuliza maana yake. Akasema ni dawa ya tumbo. Tena, akaongeza, asubuhi ile ile alikuwa amemuuzia mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Nikasimama. Magoti yalilia, lakini nilisimama, nikasema, "Napinga."

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina asilolisikia siku nyingi. Hakubisha. Akaifungua kamusi ya baba, akashuka na kidole ukurasa kwa ukurasa, akaifunga. Akaenda kuwasha jiko. Akiwa amenipa mgongo, akaniambia lile ambalo limeninyima amani hadi sasa. Alisema alikwisha kuhisi kichwa chake kinavuja. Aliogopa kwenda kwa daktari, akachagua kujipima kwangu. Alijisemea, "Kaka hajawahi kuniachia neno bovu tangu utoto. Siku atakaposimama, siku hiyo nitafunga duka." Kwa kuwa sikusimama, kila asubuhi alifungua kwa moyo mweupe.

Kisha akauliza ni lini nilianza kuyaona. Nikamwambia ukweli: tangu "banklet". Akaanza kukunja vidole, akamaliza mkono mmoja, akaenda wa pili. Nilidhani anahesabu miezi. Alikuwa anahesabu watu.

Yule mama tulimpata jioni ile ile. Mtoto mzima, alikuwa amepewa dawa ya minyoo, wala hakuinywa yote. Duka limefungwa na funguo ninazo mimi. Daktari atamwona kaka yako wiki ijayo. Kwa sasa tunapita nyumba kwa nyumba, yeye akikumbuka sura, mimi nikigonga milango na kuomba kuona chupa na pakiti. Wengine wanatukaribisha, wengine wametutukana, na wana haki. Zimebaki nyumba ambazo yeye hazikumbuki kabisa, na hizo ndizo zinazoniamsha.

Njoo, mdogo wangu, tugonge milango watatu. Ukifika, usimwonee huruma kwa macho, wala usimsifu ovyo. Hayo nimeyafanya mimi, na umeona yalikotufikisha. Keti naye mezani. Akiweka neno lisilokuwepo, simama.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na ujifunike kifua safarini. Mfamasia anakusalimu, amesema umletee majani ya chai, maana sasa mpishi ni yeye.

Ni mimi kaka yenu mkubwa,
Mwalimu