Chini ya Sifuri

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, shemeji na wapwa zangu wawili. Mimi mwili haujambo. Mama naye hajambo, isipokuwa goti, ambalo anasema limeanza kutabiri mvua vizuri kuliko watu wa redio. Redio yenyewe haizimwi kuanzia anapoamka mpaka anapolala. Usipojua unaweza kudhani nyumba ina wageni.

Najua utacheka kwamba nina simu mfukoni na bado nimeshika kalamu. Kwenye simu ungenikatiza, na ukinikatiza napata mwanya wa kukimbia. Mwandiko ni ule ule wa kuku, uvumilie. Nakuomba pia usome mpaka mwisho, hata ukifika katikati ukatamani kuichana.

Tangu tumzike Baba, miezi saba sasa, hujakanyaga nyumbani. Unamwambia Mama kazi zimekubana, naye anaitikia sawa, na mimi nakaa kimya kama sina masikio. Lakini shemeji alinipigia wiki mbili zilizopita. Aliniambia kwamba umeacha kuwabusu wanao. Aliniambia kwamba ukipaliwa hata na maji unatoka nje kukohoa, tena unakaa huko muda mrefu. Usimkasirikie. Yeye hakujua alikuwa anaongea na nani.

Kazi yangu unaijua kwa juu juu tu, kwa hiyo ngoja nikueleze vizuri. Katika ile wodi ya watu wenye mapafu dhaifu alikolazwa Baba kuna vyumba saba, na kila chumba kina sanduku jeupe ukutani, kubwa kiasi cha mkate. Ndani yake kuna feni ndogo inayovuta hewa ya chumba na kuipitisha kwenye kipande chembamba kilichopakwa protini. Protini hizo hunasa kirusi cha homa ya mapafu kama ulimbo unavyonasa ndege. Kikinaswa, namba inapanda. Namba ikiwa sifuri taa ni ya kijani, na mgeni anaruhusiwa kuvua barakoa ili mgonjwa amwone uso. Ikipanda, taa inakuwa nyekundu na sanduku linalia.

Sanduku halizaliwi likijua hewa safi ni ipi. Linafundishwa. Kila asubuhi nilikuwa nayakusanya yote saba, nayaweka juu ya meza katika kichumba chenye machujio ya hewa, nafunga mlango na kukaa nayo dakika kumi. Hewa yatakayoionja humo ndiyo yatakayoiita sifuri siku nzima. Sheria ni moja tu: anayeyafundisha avae barakoa.

Siku uliyokuja kumwona Baba, mimi sikuyafundisha. Nilikuja kukupokea kituo cha mabasi, na Fundi, yule mzee aliyetufungia mashine hizi, akanishikia zamu ya asubuhi. Unakumbuka vumbi la safari lilivyokuwa limekukaba, ukikohoa njia nzima huku nikikutania kwamba umemeza barabara. Tuliingia kwa Baba saa tisa alasiri. Taa ilikuwa ya kijani, tukavua barakoa wote wawili, ukamkumbatia. Baada ya dakika ishirini sanduku likalia. Watu wote wakakutazama wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unakohoa. Muuguzi Mkuu akakutoa nje, akakuchukua kipimo cha pua. Mimi hakuna aliyenipima. Mimi ndiye mwenye mashine, nani angenishuku? Siku ya sita Baba akaondoka.

Sasa nije kwenye lililonifanya niandike. Mwezi uliopita tuliletewa masanduku mapya, nikaambiwa nifute kumbukumbu za yale ya zamani kabla hayajapelekwa stoo. Nikaona si vibaya nikizipitia kwanza. Nilianza na la chumba cha saba, ambacho siku zile kilikuwa kitupu, kitanda kimevuliwa shuka. Nilitarajia sifuri ukurasa mzima. Nikakuta hasi kumi na moja. Mstari unaofuata, hasi kumi na moja. Siku tisa zote kabla ya wewe kuja, ukurasa kwa ukurasa. Hatukuwahi kuliona jambo hilo kwa kuwa kioo cha nje kimeamriwa kuonyesha sifuri kwa chochote kilicho chini yake, wageni wasije wakahangaika.

Nikampigia Fundi. Alicheka, akasema hewa haiwezi kuwa safi kuliko safi, labda mashine zimezeeka kama yeye. Lakini lililonitisha si namba ile. Kila siku, kwenye saa saba mchana, namba ya chumba kile kitupu ilikuwa inapanda polepole mpaka sifuri, inatulia hapo nusu saa, kisha inashuka tena. Nilimuuliza Mama Ufagio anayefagia wodi kama anakumbuka lolote kuhusu chumba cha saba. Akaweka ndoo chini. Akasema kwamba siku zile, kila alipoingia alasiri, alikikuta kiti kimevutwa dirishani ilhali alikiacha ukutani, na mara moja alipokigusa kilikuwa bado na joto la mtu. Tangu hapo alikuwa haingii mle bila kusali kwanza.

Nilichapisha kumbukumbu za masanduku yote saba nikazipanga mezani. Vyumba vyote vilikuwa chini ya sifuri, na vyote vilikuwa vinapanda, ila havikupanda pamoja. Cha kwanza kilipanda saa mbili asubuhi, kikashuka. Ndipo cha pili kikapanda. Ndipo cha tatu. Kitu kilikuwa kinatembea mle ndani, mlango hadi mlango, siku tisa, na hakuna taa hata moja iliyobadilika rangi. Na kila jioni, saa kumi na moja, kilikuwa kinaingia chumba cha nne, kwa Baba, kinakaa. Siku nyingine nusu saa. Siku ya nane kilikaa saa nzima na dakika kumi.

Dada, nilijiuliza kwa sauti, peke yangu mle chumbani, ni nani huyo aliyekuwa anakaa na Baba jioni. Nilijiuliza kweli kweli. Moyo ulikuwa umeshajua, akili ndiyo iliyokuwa inazunguka nyumba ikitafuta mlango. Siku ya tatu kitu kile kilitoka chumba cha saba ghafla, saa saba na dakika sita. Siku ya tatu Mama alinipigia simu kuhusu dawa za goti, nikaacha chakula nikatoka mbio. Kumbe nilikuwa nakula chumba cha saba. Nilikuwa navuta kiti dirishani. Na ile saa nzima na dakika kumi, Baba alitaka nimsomee gazeti lote mpaka matangazo ya vifo, akicheka majina.

Barakoa inatia ukungu kwenye miwani, Dada. Basi, ni hilo tu. Mle kichumbani nikiwa peke yangu asubuhi nilikuwa naivua ili nione ninachoandika. Nilikuwa na kirusi bila hata kuumwa kichwa, nikakaa dakika kumi nikiyapumulia masanduku, nayo yakanizoea mimi. Pumzi yangu ndiyo yaliyoiita hewa safi. Nilipokuwepo yaliona sifuri, na nilipotoka yaliona kuna kitu kimepungua. Siku ile Fundi alipoyafundisha kwa barakoa, ndipo kwa mara ya kwanza yaliponiona. Yalinililia mimi. Wewe ulikuwa umesimama karibu yangu.

Laiti mambo yangeishia hapo ningesema ni bahati mbaya. Hayakuishia hapo, na hili linalobaki si la mashine, ni langu. Majibu ya kipimo chako yalirudi siku ya tatu baada ya mazishi. Bahasha za maabara napokea mimi. Hukuwa na kirusi. Nilisoma mara mbili, nikajiambia maabara wamekosea, nikaitia mfukoni. Sikujua bado kwamba ni mimi, lakini nilijua si wewe, na niliogopa swali litakalofuata. Jioni ile ile ulilia mbele ya watu ukisema umemuua Baba. Nikakushika bega nikasema nimekusamehe. Unakumbuka? Nilikusamehe, Dada, na bahasha ilikuwa mfukoni.

Ijumaa nilimpa Muuguzi Mkuu karatasi zote. Nimesimamishwa kazi mpaka waamue, na wana haki. Jana nilimwambia Mama. Aliinuka akazima redio, akarudi akakaa, nyumba ikawa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani. Kisha akaniuliza basi la kwanza kutoka kwenu linafika saa ngapi. Nilipojitolea kwenda kukupokea alikataa. Amesema atakwenda mwenyewe, na goti lake hivyo hivyo.

Ndani ya bahasha hii utakuta majibu yako. Mwonyeshe shemeji. Mimi sikuombi unisamehe, maana neno hilo nimelitumia vibaya. Njoo kwa Mama tu. Nitahama kwa rafiki siku utakazokuwepo, ukitaka iwe hivyo.

Nisalimie wapwa zangu, wabusu kwanza ndipo uwape salamu. Na ukipaliwa, Dada, kohoa humo humo ndani.

Ni mimi, mdogo wako uliyempa jina akiwa darasa la pili,

Miwani