Mkalimani Alikuwa Mkwe

Kisii, Jumatano

Na bado ananiuliza makala yake itatoka lini! Huyu Daktari ni mzaliwa wa Nyamira aliyekulia Nairobi. Ekegusii, lugha ya kwao, hajui hata cha kuombea maji, lakini anataka jarida letu limchapishe kuhusu ndoa za zamani.

Ameandika kwamba bibi mmoja wa Itumbe "hakumbuki chochote" kuhusu usiku wa harusi yake. Nikamuuliza nani alikuwa mkalimani.

"Mkwe wake, aliyemwoa bintiye. Kijana mpole sana."

Mkwe! Mtu ambaye kwa heshima hata mkono hawapeani, ndiye asimuliwe mambo ya chumbani?

Leo nimeisikiliza rekodi ya mahojiano mwenyewe. Bibi anasema wazi kwa Ekegusii, "Rudi kesho, uje na mwanamke." Kijana kwa aibu akatafsiri, "Anasema amesahau." Daktari akashukuru, akapanda gari lake akaenda zake. Mjinga.

Makala nimeikataa. Sasa toleo lina pengo na sina cha kulijaza. Hilo linanitia hofu kuliko ninavyoonyesha ofisini.

Jioni nikampigia simu binti wa yule bibi, nikaomba niende mimi, mwanamke mwenzao. Akasema siku iliyofuata mahojiano yale mama alivaa gauni lake la Sabato, akaketi mlangoni akingoja mpaka giza likaingia.

Nikamsikia bibi mwenyewe akidakia kwa nyuma:

"Mwambie sasa nimesahau kweli."