Kisa Asichosimulia Katibu

Jumatatu, 3 Machi

Kosa la watu wengi wanaoitwa kwenye usaili ni kwamba hujiandaa kusema. Afadhali wangejiandaa kusikiliza. Anayeuliza hutaka kitu kimoja tu, na mara nyingi hakitaji. Nilikaa nje ya mlango wa Mkurugenzi miaka thelathini na mmoja, nikiwapokea waombaji kazi na kuwapa kiti, kwa hiyo najua. Walioingia na hotuba walitoka mapema.

Sasa mwombaji ni mimi. Miaka sitini na mitatu! Kazi yenyewe: msaidizi wa mtandaoni. Maana yake – najieleza ili nielewe – ni ukatibu uleule wa barua, ratiba na simu, ila bosi yuko mji mwingine, au hata nchi nyingine, nami niko mezani kwangu. Hapa. Hatua saba kutoka kitanda cha Mzee.

Ni hizo hatua saba ninazozitaka. Tangu mume wangu apigwe na kiharusi mwaka jana, upande wa kulia haumtii. Kila baada ya saa mbili lazima ageuzwe. Kiinua mgongo kimekwisha, kwa hiyo kazi nitafanya, nipende nisipende. Na wifi yangu, dada wa Mzee, amesema wazi: siku nitakayoanza kutoka kwenda ofisini, kaka yake hatabaki peke yake kama mzigo wa stoo. Kama sijapata kazi ya kufanyia nyumbani mpaka Alhamisi ya wiki ijayo, anakuja kumchukua. Hana ubaya. Ana nafasi, ana watu. Lakini kwake ni safari ya siku nzima. Nitamwona mara ngapi?

Nimemuuliza Mzee anaonaje. Akasema kitanda ni kitanda tu. Kisha akageuza uso ukutani.

Jumanne, 4 Machi

Usaili wa kwanza. Nilivaa suti ya kijivu na viatu vyake. Binti yangu alinicheka kwenye simu: Mama, miguu haionekani! Nikamwambia mimi naiona.

Kumbe hakuna mtu. Kompyuta inatoa swali kwa maandishi, taa nyekundu inawaka, unasema na kioo dakika mbili, inafunga. Maswali matano hivyo hivyo.

La kwanza: jitambulishe. Taa ikawaka. Nikasema, "Habari za asubuhi." Nikasubiri. Nikatabasamu, nikasubiri. Huwezi kuingia kwa watu ukaanza kujisifu kabla hujajibiwa salamu! Nikasalimu tena kwa sauti, nikidhani hanisikii. Zilipobaki sekunde kumi na tano ndipo nilipoelewa. Nikataja jina langu, na kabla sijafika kwenye kazi niliyowahi kufanya – imefunga.

Nikiwa kwenye la tatu, Mzee akaita kutoka chumbani: "Katibu! Unaongea na nani huko? Umepata mume mwingine?"

Nikaendelea kueleza jinsi ya kupanga ratiba.

"Kama yupo, mwambie aje anigeuze!"

Yote yameingia. Hakuna kufuta, hakuna kurudia. Binti anasema huenda wakacheka wakanipenda. Sijui. Sikuwahi kuajiriwa kwa kuchekesha.

Alhamisi, 6 Machi

Kimya. Nimemgeuza Mzee, nimefungua barua pepe. Nimempaka mafuta mgongoni, nimefungua. Hakuna.

Ijumaa, 7 Machi

Wamejibu! Hatua ya pili, Jumatatu saa nne asubuhi, safari hii na binadamu. Nimemwambia Mzee. Akasema niwaulize kama wanahitaji na mlinzi wa kulala. Tulicheka mpaka akapaliwa, ikabidi nimkalishe nimpigepige mgongo.

Wifi amepiga simu. Amemnunulia kaka yake godoro jipya. Nikasema asante, wifi.

Jumatatu, 10 Machi

Nataka kuandika kwa utaratibu, maana kichwa hakijatulia.

Aliyenihoji ni dada mmoja wa umri wa binti yangu. Salamu alijibu! Nikafurahi kupita kiasi. Akanisomea barua nikaiandika akiisoma, akanipa ratiba za watu watatu zinazogongana nikazipanga. Akasema, "Mkono wako mwepesi, mama." Nilikuwa nimeshaanza kuona meza yangu ilivyopangwa.

Kisha: "Nipe mfano halisi. Bosi wako alikosea vibaya. Wewe ulifanya nini?"

Mfano ninao. Ni mkubwa kuliko yote niliyowahi kuyafanya pale ofisini, na ungenipa kazi papo hapo. Sikuutoa. Siku yangu ya kwanza kazini, mama aliyenifundisha alinionyesha kabati la chuma, akanionyesha mdomo wangu, akasema hivi viwili vina ufunguo mmoja. Tena fikiria: nikisimulia ya bosi wa jana, bosi wa kesho ajifunze nini kunihusu? Nikamweleza dada hivyo hivyo, taratibu. Nilidhani ananipima! Nilidhani hilo ndilo jibu lenyewe.

Akatazama karatasi zake. "Naelewa, mama. Lakini bila mfano naweka sifuri."

"Kutunza siri hakuna alama?"

"Hakuna kisanduku chake, mama." Alisema kwa huruma, na huruma ile ndiyo iliyoniumiza.

Nikampa kidogo nilichoweza: siku barua mbili zilipobadilishana bahasha, nikazifuata kwa miguu kabla hazijafunguliwa. Akauliza kosa lilikuwa la nani. Langu, nikasema. Akaandika.

Hata hivyo amenipa nafasi, na naona hakutakiwa kunipa. Nitume mfano kwa maandishi kabla ya Jumatano saa sita mchana. Uwe wa kweli, na awepo mtu wa kuuthibitisha.

Ndiyo hivyo. Nilijisifu kwamba najua kusikiliza. Nikasikiliza swali ambalo halikuulizwa.

Jumanne, 11 Machi

Binti amekasirika. Mama, Mkurugenzi amestaafu, hata jina lake humtaji, andika! Nikamkumbusha kwamba wa kuthibitisha ni yeye mwenyewe Mkurugenzi. Basi mpigie umwombe ruhusa, akasema. Hilo la maana.

Nikapiga asubuhi. Mkewe akapokea: yuko bustanini, masikio yake siku hizi si mazuri, nitamwambia. Hakupiga. Nikapiga alasiri: amelala. "Ni mambo ya kazi?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akacheka kweli kweli. "Ninyi wawili bado tu mnafanya kazi?"

Mzee alikuwa anasikia. Nilipomletea maji akasema, "Miaka yote hiyo, hata mimi hukuniambia."

Kweli. Sikumwambia.

"Niambie sasa basi. Mimi nitamwambia nani? Ukuta?"

Nikamfuta kidevu.

"Umeona?" akasema. "Hata mimi." Hakuwa na hasira. Heri angekuwa nayo.

Jumatano, 12 Machi

Saa tatu asubuhi. Kisa nimekiandika. Ukurasa mmoja, hakuna kosa hata la nukta. Kiko kwenye kioo, kitufe cha kutuma kiko chini yake. Nimekisoma mara mbili na kila mara nimeona aibu, si kwa ajili yangu. Simu ya Mkurugenzi inaita tu.

Saa nne na robo. Wifi amepiga akiwa stendi. Gari za kesho zimejaa, kwa hiyo anapanda ya leo, atafika jioni. Akauliza kama kaka yake ana nguo za safari. Nikasema anazo. Kwa nini nilisema anazo?

Saa tano na nusu. Simu ya Mkurugenzi sasa imezimwa kabisa. Mzee ameita, wakati wake wa kugeuzwa. Nikamgeuza. Alinishika mkono kwa ule wa kushoto, akaushikilia kupita kiasi, nami nikiitazama saa ya ukutani nyuma yake.

Sasa zimebaki dakika nane kufika saa sita. Kisa bado kiko palepale. Nimewafundisha wasichana wengi namna ya kuamua – upande huu faida, upande ule hasara, mstari katikati – nami nimechora mstari na sijaandika neno.

Jua limetoka mawinguni. Leo, kabla ya jingine lolote: fua mashati mawili ya Mzee ya mikono mirefu, ya safari, yaanike yakauke kabla ya jioni.