Kioo, Asidi na Ng'ombe wa Jirani

Kitengela, 2000

Mama Nekesa,

Natumai huko Bungoma mko wazima. Hapa ni kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwa chai.

Kiwandani, mvuke wa asidi ulikuwa umetoboa bomba letu la chuma la kuupozea kwa maji, kwa hivyo nikachagua la kioo, maana asidi haili kioo. Jana ng'ombe wa jirani yetu Mmaasai walinusa maji tunayopozea nayo, wakaingia uani, pembe moja ikalivunja bomba. Mzee mwenyewe akasema, "Pole, walikuwa na kiu tu."

Bomba jipya tumelizungushia miiba. Yale maji, ambayo hayagusi asidi, tulikuwa tukiyamwaga. Sasa tunayaelekeza nje ya ua, ng'ombe wanayanywa huko. Nilifikiria asidi tu, nikasahau kiu.

Mvua ikinyesha huko jioni, isikilize kidogo kwa niaba yangu.

Baba Nekesa