Mlima Uliofunikwa

Wangari wangu,

Hapa Ruring'u sote wazima, ila baridi ya mwezi wa saba imetubana. Guka, babu yako, sasa analala na kofia, na ng'ombe amezaa ndama jike.

Katika barua yako kutoka Eldoret umeniuliza kwa nini yule mshairi wa Kizungu aliliita shairi lake kwa jina la mlima, kisha akaandika mawingu tu hadi mwisho. Nimecheka, nikamkumbuka cucu yangu, bibi mzaa mama. Kila asubuhi, kabla ya kwenda shamba, alimwaga maziwa kidogo chini, akageukia Mlima Kenya na kuomba. Msimu wa baridi kama huu mlima haukuonekana kabisa. Siku moja, nikiwa msichana, nikamuuliza, "Cucu, ati unayaomba mawingu?"

"Kwani mlima umehama?" akanijibu, bila kugeuza uso.

Nadhani kichwa cha shairi lako kinafanya hivyo. Kinakuonyesha pa kuelekeza uso. Mwalimu wako akikataa, usibishane naye sana.

Mimi nikiomba jioni, nageukia upande wa Eldoret. Sioni kitu ila ukuta wa jikoni. Nataja jina lako.

Ni mimi, cucu yako.