Kifaranga Aliyebisha Hodi

Kituo cha Korongo,
Nyuma ya Bwawa,
9 Agosti

Mpendwa Kadogo,

Hujambo mwanangu? Lile jino limeng'oka, au bado unalionea huruma? Na baba yako, kaka yangu, bado anakoroma mpaka madirisha yanatikisika? Mimi ni mzima, ila magoti yananisumbua kila nikichuchumaa.

Uliniuliza kwa nini hatuwabebi vifaranga wetu na kuwabusu. Sikiliza. Korongo wa aina hii wamebaki thelathini na mmoja tu, ndiyo maana tunaangua mayai yao kwa mashine. Kifaranga akizoea watu, akiachiwa atawafuata hadi mlangoni, na si watu wote wema. Kwa hiyo tunavaa kanzu za kijivu kuanzia utosini, tunawalisha kwa kichwa cha korongo cha kitambaa kinachovaliwa mkononi kama soksi, na kusema neno lolote mbele yao ni mwiko.

Sasa fikiria shangazi yako, anayeitwa Chiriku tangu utotoni, kafungwa mdomo! Nilijitahidi, haki ya nani. Lakini asubuhi moja nikiwa nafuta meza karibu na mashine, nikasikia ko, ko, ko. Mimi huyo, bila kufikiri: "Karibu, pita ndani!"

Mlangoni hapakuwa na mtu. Ni yai lililokuwa likigongwa kwa ndani. Sauti ya kwanza ya mtu aliyoisikia yule kifaranga ikawa yangu.

Daktari wetu wa ndege alishika kiuno. "We mama, hata yai unalikaribisha?" Alicheka, kisha akakunja uso. Akaniambia wazi kwamba kifaranga akiendelea kuifuata sauti yangu, hataachiwa. Ataishi kizimbani maisha yake yote. Niliona aibu, Kadogo. Nilikwenda kulia stoo.

Na kweli, nikikohoa tu nje ya banda, alikuja mbio kwenye wavu akilia. Moyo uliniuma. Basi nikaomba kuhamishiwa jikoni, nikawa namkatia samaki wake vipande vidogo vidogo, wapeleke wengine. Miezi mitatu sikukanyaga kule.

Jumanne tukamjaribu. Banda lilifunguliwa, nami nikasimama mbele yake bila kanzu, nimwite. Akinijia, basi, anarudi kizimbani.

"Njoo, mwanangu! Njoo!" Niliita kwa sauti yote, na moyoni nikiomba asije.

Alinyoosha shingo, akanitazama. Hatua moja. Kisha akageuka, akatimua mbio, akaruka juu ya matete na kwenda kutua kwa wenzake upande wa pili wa bwawa. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukimbiwa.

Msalimie baba, mama, na bibi yako mzaa mama. Mungu akulinde na akukuze.

Ila wewe siku nitakapokuita, uje mbio.

Ni mimi nikupendaye,
Shangazi yako